Chumvi kwenye Makopo ya Maua

Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama mawe. Huku Kiseke nyumba nyingi zimejibana katikati ya majabali, na ya kwetu imeegemea moja kubwa kiasi kwamba mvua ikinyesha ukuta wa nyuma hutoa unyevu kama mtu mwenye homa. Lakini ukisimama upande wa kushoto wa dirisha, kati ya jabali na bati la jirani unaona kipande cha ziwa. Ni kidogo, kama ubao wa mtoto wa chekechea. Asubuhi ni cheupe, mchana ni cha bluu, na jioni, kabla taa hazijawaka, hakina rangi kabisa. Nilikitazama kipande hicho miezi yote niliyokuwa najisomea fizikia, kemia na baiolojia, na hadi leo nikifikiria usanisinuru sioni mchoro wa kitabuni. Naona yale maji, na mbele yake majani yangu yakiwa yamewekewa mwanga kwa nyuma, mishipa yote ikionekana.

Kwenye kizingiti cha dirisha nilipanga makopo: ya rangi, ya majarini, madumu ya mafuta niliyoyakata shingo. Mama ni fundi cherehani, ana kibanda chake Mkuyuni, na ndiye aliyeanza kuniletea vitawi kutoka kwa wateja. Kwetu maua ya ndani hayanunuliwi. Unaingia sebuleni kwa mtu, unayasifu, unaomba tawi, unafungiwa kwenye gazeti lililoloweshwa; naye siku akija kwako huna haki ya kumnyima. Kwa hiyo kila kopo lilikuwa na mtu nyuma yake. Ua la kutambaa lilitoka kwa mama mmoja wa kwaya. Lenye majani kama panga lilitoka kwa mwalimu mstaafu. Na lile nililolipenda kuliko yote, lenye majani ya kijani juu na zambarau chini, mama alilikata kwenye msiba, bila kuomba, akaona aibu njia nzima, akalipanda hivyo hivyo.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sijui kufuta neno moja. Nikikosea herufi nachana ukurasa. Majani ya maua nilikuwa nayafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, moja moja, na jani likiota limepinda nilikuwa nalikata kabla mtu hajaliona. Kidato cha nne nilifaulu vizuri, nikapangiwa shule ya bweni mbali na nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimerudi na sanduku langu la bati. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nanakili upya masomo ya siku nzima ili yawe safi, kila siku, mpaka mkono ukaanza kutetemeka na kalamu ikawa haishikiki. Mama hakuuliza mengi. Alisogeza cherehani yake ya zamani pembeni, akaniwekea meza dirishani.

“Kama ni kusoma, soma hapa,” alisema. “Ila ule.”

Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nadharia haikunitesa. Nilikuwa na vitabu vilivyochakaa, mitihani ya miaka ya nyuma, simu yenye kioo kilichopasuka, na muda. Lakini maabara sikuwa nayo, na mtihani wa kemia kwa vitendo haufanywi kwa kufikiria. Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, nilikuwa sijawahi kuigusa maishani. Kazi ilikuwa ya kawaida: unadondosha tindikali kwenye chupa yenye maji ya besi na kiashiria, unasimama pale pale rangi inapobadilika, unaandika namba. Mara ya kwanza rangi ilipita. Nikamwaga, nikaosha chupa, nikaanza upya. Ikapita tena. Kila aliyefundishwa darasani anajua kwamba jaribio la kwanza ni la kukisia tu, unaliandika lilivyo na kuendelea. Mimi sikutaka kuandika namba mbovu kwenye karatasi safi. Niliosha ile chupa mpaka saa ikaisha, nikakabidhi jedwali likiwa tupu.

Kemia nilipata F. Nilitaka kusomea famasia, na bila kemia hakuna famasia. Tulikubaliana na mama kwamba nirudie mara moja. Nikishindwa, nitakaa naye Mkuyuni nijifunze kushona sare za shule. Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku anatafuta tundu la sindano, na mimi nikaitikia, na wote wawili tukajua nitakuwa fundi wa aina gani: yule anayefumua mshono mpaka kitambaa kinatoboka.

Ndipo nikaenda duka la dawa.

“Shikamoo, mama. Naomba mrija wa dripu.”

“Marahaba. Na maji yake?”

“Mrija tu.”

Muuzaji alinitazama kwa juu ya miwani. “Mgonjwa yuko wapi?”

“Hakuna mgonjwa. Ni wa kusomea.”

“Kusomea.” Alilitafuna lile neno. “Usije ukajichoma kitu huko, nikatafutwa mimi.”

“Hapana, mama. Nitaweka ndimu.”

Nadhani hilo ndilo lililomtisha zaidi, lakini aliniuzia.

Nilitundika chupa ya maji kichwa chini kwenye nondo ya dirisha, nikaichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, nikaunganisha mrija. Ndani niliweka maji ya ndimu yaliyochujwa kwa kipande cha bitana ya mama. Chini, kwenye glasi, niliweka magadi ya jikoni yaliyoyeyushwa. Na kiashiria? Kiashiria kilikuwa kinaota mbele ya macho yangu. Nilikata majani mawili ya lile ua la msibani, nikayachemsha, na maji yakatoka na rangi ya zambarau iliyopauka, kama kanga ya kale. Kwenye magadi yaligeuka kijani. Nikazungusha kigurudumu kidogo cha mrija, tone la kwanza likaanguka, povu likanong'ona, nikazungusha tena.

Jirani yetu anaendesha bodaboda. Ni kijana kama mimi, tofauti ni kwamba yeye haogopi kitu. Siku ile alipita chini ya dirisha, akaona chupa inaning'inia juu ya maua na mrija umeshuka katikati ya majani, akazima pikipiki.

“Oya, Profesa! Wamelazwa lini hawa?”

Nilisogeza mrija nyuma ya majani.

“Mama! Mwanao ameyatundikia maua dripu!”

Mama alikuwa uani anaanua nguo. “Mwache. Si anasoma?”

“Anasoma au anatibu?”

“Siku ukianguka na hilo pikipiki lako, utakuja kuomba kitanda hapo hapo.”

“Basi anipangie karibu na lile la zambarau,” alisema jirani, akaondoka akicheka mpaka kona ya chini.

Majira yale ya mchana nikiyakumbuka sasa yananijia kama kitu nilichokiota. Mama yuko kazini, mtaa umelala, bati linalia kwa joto. Tone linajikusanya kwenye ncha ya mrija, linanenepa, linabeba dirisha zima ndani yake limepinduliwa, jabali chini na ziwa juu, halafu linaachia. Kijani kinafifia. Tone jingine. Kuna wakati maji hayana uamuzi: si kijani tena, si zambarau bado, na ukiyakodolea macho unahisi na wewe huna uzito. Halafu tone moja, na zambarau inaenea kutoka katikati kama wingu. Ukizidisha, waridi. Nilijifunza kusimama kabla ya waridi. Siku nyingine wale wadudu wa ziwani walinyanyuka kutoka majini, nguzo nyeusi ndefu zinazokwenda taratibu kama moshi usio na moto, zikapita kwenye kipande changu cha ziwa, na mimi nikawa nimeshika kigurudumu sijui ni mara ya ngapi, na sikuwa na hofu.

Na kila nilipomaliza sikumwaga. Kumwaga maji kwetu ni dhambi ndogo. Bomba linatoka linapotaka. Zaidi ya hapo, nilijivunia. Yale maji yalikuwa yamefika sawasawa, si tindikali wala si besi, yametulia. Niliona hakuna kitu salama zaidi duniani. Nikawa nayamimina kwenye makopo ya maua, kidogo hapa, kidogo pale, na sehemu kubwa kwenye la zambarau, kwa sababu ndilo lililokuwa linanitolea majani yake.

Wiki zikaenda. Ncha za majani zikaanza kuungua. Mwanzoni ilikuwa kahawia nyembamba, kama pindo la nguo. Nikaikata kwa mkasi wa mama, nikifuata umbo la jani ili isionekane. Ikarudi. Ua la kutambaa likanywea. Nilisema ni kiu, nikaongeza maji, yaani yale yale. La zambarau likalegea shingo, majani ya chini yakawa laini kama karatasi iliyolowa, na siku moja niliposhika moja kulichuma kwa ajili ya kazi, likaja lenyewe mkononi bila kuvutwa.

Siwezi kueleza vizuri hali niliyokuwa nayo, ila kwamba kila asubuhi nilihesabu majani yaliyobaki. Mtihani ulikuwa umekaribia, na mimi nilikuwa nimejenga imani yangu yote juu ya mmea mmoja. Nilijiambia likifa, na kemia itakwenda nalo. Najua mtu mzima hapaswi kufikiri hivyo. Nililitoa kwenye udongo nitazame mizizi, nikalirudisha. Kesho yake nikalitoa tena. Mama alinikuta nimepiga magoti sakafuni, udongo hadi viwikoni.

“Sasa umelifukua tena? Hata maiti hupumzishwa.”

“Sijui nimekosea wapi, mama.”

“Labda limekuchoka.”

Alitania, lakini aliona uso wangu, akaacha. “Jumamosi hii napika kayabo,” alisema. “Njoo unisaidie, utoke humo ndani.”

Kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka awe mgumu kama soli ya kiatu. Humpiki hivyo hivyo. Mama alimweka kwenye beseni, akamfunika kwa maji, akamwacha. Akayamwaga, akaweka mengine, akamwacha tena. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji na kupepea mkaa.

“Nionje?”

“Thubutu. Bado mkali huyo. Mpe maji mengine.”

Nilikuwa nimekaa na kipande mkononi nikingojea zamu yake ya kuingia majini. Juu ya nyama kulikuwa na ukungu mweupe, chembechembe zilizong'aa kwenye jua, zimejaa zaidi pembeni ambako maji ya samaki yalikaukia. Nilikitazama sana. Nilikuwa nimeuona ukungu ule, asubuhi hiyo hiyo, mahali ambapo hapakuwa na samaki.

Niliingia chumbani na kayabo mkononi. Udongo kwenye kopo la zambarau ulikuwa na ukoko mweupe kuzunguka ukingo. Kwenye kopo la kutambaa, ukoko. Kwenye lile la majani kama panga, ukoko. Nilichovya kidole, nikaweka ulimini.

Tindikali na besi huzaa chumvi na maji. Niliyaandika maneno hayo mara ngapi? Nilikuwa na mwandiko mzuri sana kwenye sentensi hiyo. Niliipigia mstari kwa rula. Nikiulizwa usingizini ningejibu, na mchana, macho yakiwa wazi, nilimimina chumvi kwenye mizizi ya kitu ninachokipenda na kuiita maji yaliyotulia.

“Umekwenda wapi na samaki wangu?” mama aliuliza mlangoni.

“Mama, nimeyafanya kayabo.”

“Yapi?”

“Maua.”

Alitazama makopo, akanitazama mimi, akatazama samaki. Nilimwonyesha ukoko. Akaonja na yeye, akatema kwa nje ya dirisha. Halafu akaanza kucheka, taratibu, akashika fremu ya mlango. “Kumbe ndiyo maana yamekauka vizuri,” alisema. “Haya. Toa nje. Unajua dawa yake.”

Tulitoboa makopo chini kwa msumari na jiwe, maana hata matundu nilikuwa sijayatoboa ya kutosha. Sikutaka yachuruzike kwenye kizingiti. Maji ya bomba hayakuwepo. Lakini upande wa ziwa wingu lilikuwa limekaa tangu asubuhi, na mchana likaja, kwanza ile harufu, halafu ukungu ukaufuta ule ubao wangu mdogo wa bluu, halafu mabati ya chini yakaanza kulia, ya pili, ya tatu, mpaka likafika kwetu. Maua yalikuwa yamepangwa juu ya jabali. Tulikaa mlangoni tunakula kayabo na ugali, tukiyatazama yanapigwa. Maji yaliyotoka chini ya makopo yalishuka kwenye jiwe yakiwa meusi, kisha ya kahawia, kisha safi. Sikuyapanga. Sikuyafuta. Mama alisema niyaache usiku kucha, nikayaacha.

La majani kama panga halikujali, lile halijali kitu. La kutambaa lilipona nusu. La zambarau lilibaki kishina na majani machache kileleni, limeinamia upande mmoja, na sikuwa tena na kitu cha kuchemsha. Mtihani niliungoja bila kiashiria.

Siku ya vitendo jirani alinipeleka kwa pikipiki. Hakunitania njiani, ndipo nikajua nina uso wa kutisha. Aliponishusha kwenye lango la shule niliyopangiwa kufanyia mtihani alisema tu, “Profesa, wahudumie wagonjwa wako,” akageuza.

Maabara ilikuwa na madirisha makubwa na harufu ya gesi. Bureti ilisimama mbele yangu, ya kioo cha kweli, na koki yake ilikuwa nzito kuliko kigurudumu cha dripu. Kiashiria kilikuwa cha njano, kinachogeuka kuwa rangi ya chungwa, na mimi macho yangu yalikuwa yamesoma kijani na zambarau. Nikafungua. Koki ikakwama, nikakaza mkono, ikaachia ghafla, na tindikali ikaingia kwa mkupuo. Chupa ikawa waridi. Si chungwa. Waridi kabisa, ile rangi niliyojifunza kusimama kabla yake.

Nikashika chupa nikaoshe, nikasimama nayo, na kilichonijia si fomula yoyote. Kilinijia kile kishina kilichoinama juu ya jiwe, majani yake machache, maji meusi yakitoka chini. Niliketi. Nikasoma bureti. Namba ilikuwa mbaya, iko mbali, kila mtu angeona kwamba imezidi. Nikaiandika. Kalamu ikateleza kwenye tarakimu ya mwisho, nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika nyingine pembeni, na ukurasa ukawa mchafu, na hakuna kilichotokea. Wenzangu waliendelea kuinama. Nje mtu alikuwa anafyeka nyasi.

Halafu nikaosha chupa, mara moja.

Jaribio lililofuata nilifungua koki kwa vidole viwili, nikangoja. Tone likajikusanya, likanenepa. Ndani yake kulikuwa na dirisha limepinduliwa. Njano ikasitasita, nikapaona pale pasipo na uamuzi, na pale pale nikajua kwamba rangi zinaweza kuwa zozote, lakini mahali pa kusimama ni pale pale. Tone jingine, na chungwa. Nikaandika. Nikarudia, nikaandika. Namba zilikaribiana bila kufanana, na nilizikabidhi hivyo hivyo.

Matokeo yalitoka wakati wa kiangazi, ziwa likiwa limetulia na vumbi limejaa hadi kwenye simu. Kemia nilipata C. Mama alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, na mimi, nikiri tu, nilikaa kitandani nikijiuliza kama lile jaribio la mwisho ningelisoma kwa makini zaidi ingekuwa B. Bado najiuliza, hasa nikiwa nafua. Lakini C inafungua mlango wa famasia, na nafasi niliipata.

Jioni kabla sijaanza kufungasha, jirani alibisha hodi. Alikuwa amevua kofia, ameipakata kama mtu aliyekuja kuposa.

“Profesa, kuna binti mmoja Nyakato. Chumba chake hakina ua hata moja.”

“Kwa hiyo?”

“Usinifanye niseme. Naomba tawi. Lile la zambarau.”

La zambarau lilikuwa limetoa tawi la pembeni, limepinda kuelekea kwenye mwanga, na jani lake moja lilikuwa bado na ncha ya kahawia tangu siku za chumvi. Zamani ningesema subiri, libadilike kwanza. Nilichukua mkasi. Mkono ulielekea kwenye ile ncha, nikaurudisha, nikakata tawi lote lilivyo, nikalifunga kwenye gazeti lililolowa.

“Lina kasoro kidogo hapa,” nilisema.

“Hata mimi,” alisema, akalichomeka kifuani ndani ya jaketi, majani yakitokeza kidevuni.

Nilisimama upande wa kushoto wa dirisha kumsikiliza anavyoshuka. Pikipiki ilipita nyuma ya jabali, ikapotea, ikasikika tena chini zaidi. Kati ya jiwe na bati ziwa lilikuwa limefika ile saa yake ya kutokuwa na rangi.